Magambuti ya Gosbert wa Buganguzi

Siku yangu ya nne kazini, mkubwa wangu alinivisha koti jipya la mvua, akanisimamisha uani nyuma ya ofisi, akanimwagia ndoo nzima ya maji kuanzia kichwani. Nilipiga yowe mpaka majirani wakatoka kuangalia. Yeye hakucheka. Alinizunguka taratibu kama mtu anayekagua ng'ombe wa kununua, akapapasa mabega, akaniinua mkono wa kushoto.

"Maji yameingia wapi?"

Nikamwambia yameingia shingoni na kwenye mshono wa kwapa.

"Haya." Akanipa penseli nyekundu. "Sasa kaa chini uhariri makala ya hilo koti. Mwandishi anasema halipitishi maji hata tone."

Ninyi wajukuu zangu, na wenzenu mnaopita hapa kwangu Kashozi na simu mkononi, mmenionyesha jinsi watu wa siku hizi wanavyosifia viatu na mabegi kwa kuvipa nyota. Nyota tano, nyota mbili, wamemaliza. Nilipowaambia kwamba nilifanya kazi hiyo miaka mingi, bila nyota wala simu, mlidhani bibi anatania. Sikuwa natania, na kwa kuwa mmeniomba, nitawaeleza.

Ofisi yetu ilikuwa Bukoba mjini, vyumba viwili na ua. Ilianza kama ofisi ya misaada baada ya vita. Majeshi ya Uganda yalipovuka mpaka, watu wa ng'ambo ya mto Kagera walikimbia na kile walichokuwa wamevaa. Hata sisi wa mjini tulikimbia mabomu. Mimi nilijificha kwa shangazi yangu, kijijini Kaagya, tukalala watu kumi na mmoja chumba kimoja, na shangazi akawa anatuhesabu kila asubuhi kama vifaranga. Vita vilipokwisha, waliorudi makwao walikuta nyumba hazina mapaa, na masika hayakuwasubiri wajenge. Ndipo marobota ya nguo na vifaa yakaanza kufika kutoka nchi za baridi.

Jamani, ndani ya marobota yale! Suruali za kutelezea kwenye theluji. Glovu nene ambazo ukizivaa huwezi kushika hata jembe. Mabegi ya kupandia milima yenye kamba ishirini. Mahema yasiyo na nguzo, na nguzo zisizo na mahema. Lakini humo humo mlikuwa na makoti ya mvua na magambuti ambayo yangeweza kumwokoa mtu na homa ya mapafu. Hakuna aliyejua kipi ni kipi. Kwa hiyo ofisi ikawaomba watu wa kujitolea waliokuwa wakigawa misaada vijijini, yaani walimu, makatekista na akina mama wa jumuiya, watuandikie: kifaa hiki kimefaaje? Barua zao tulizitoa katika jarida dogo la kurasa nne. Ukurasa wa nyuma uliitwa hivyo hivyo, "Kimefaaje?", na mimi niliajiriwa kuuchapa kwa taipureta kwenye stensili. Baada ya mwaka wa kujifunza kuhariri nikawa mhariri wake.

Huyo aliyenimwagia maji alikuwa Ta Leopold. Kwetu mwanaume mtu mzima huitwa Ta na mwanamke Ma, ndiyo maana hata ninyi mnaniita Ma Jasinta. Ta Leopold alikuwa fundi cherehani miaka yote kabla ya vita. Vita vilichukua cherehani zake mbili, akaja kuomba kazi ya ulinzi, na mkuu wa ofisi alipogundua kwamba mzee huyu anasoma barua za watu na kuzirekebisha kwa penseli akiwa kwenye kiti cha mlinzi, akamwingiza ndani.

Alinifundisha kwamba mtu wa kujitolea hujisikia vibaya kulaumu zawadi. Ukimpa koti bovu atakuandikia: "Koti ni zuri sana, tunashukuru sana, Mungu awabariki." Barua ya namna hiyo haimsaidii mtu yeyote. Usimkaripie, wala usimwongezee maneno. Mrudishie barua na maswali. Ulitembea kutoka wapi hadi wapi? Ulibeba nini? Mvua ilinyesha muda gani? Maji yaliingia wapi? Mtu akijibu hayo manne, makala imeshakwisha kuandikwa, na wewe kazi yako ni kufuta salamu.

Kulikuwa na kijana mmoja wa visiwani Muleba, aliyekuwa akiwahudumia wavuvi waliotoka mikoa ya mbali, wengi wao wasiojua kuogelea. Tulimpelekea maboya ya kuvaa. Akaandika: "Boya ni zuri sana, laini, halichoshi shingo." Ta Leopold akaisoma mara mbili. Akamrudishia swali moja: "Ulianguka majini?" Jibu likaja baada ya wiki tatu: "Hapana. Ninalalia." Tulichapa hivi: "Kama mto wa kulalia limefaa. Majini bado halijajaribiwa." Aliposoma aliona haya, akalivaa, akaruka ziwani mbele ya wavuvi wote. Boya likampanda hadi masikioni. Barua yake ya pili ilikuwa na mistari mitatu tu, na ule wa mwisho ulisema mkanda wa chini ufungwe kwanza, kabla ya ule wa kifuani. Wavuvi wale walifunga hivyo miaka yote niliyokuwa kazini.

Mimi nami nilikosea, tena si mara moja. Mwaka wa kwanza nilifuta neno "mabaka" katika makala ya jaketi, nikiona rangi si jambo la maana. Mwalimu mmoja wa karibu na Kyaka akasoma sifa za jaketi lile, akaliagiza, akalivaa. Vita vilikuwa vimetoka kwisha na watu bado walikuwa na hofu na kila nguo iliyofanana na ya askari. Mgambo walimshika barabarani, akakaa juani tangu asubuhi hadi saa tisa akieleza yeye ni nani. Ta Leopold alinipeleka mwenyewe kwa yule mwalimu nikaombe radhi. Mwalimu alinipa ndizi na samaki, akasema jaketi lenyewe ni zuri, lina joto. Tangu siku hiyo sikufuta rangi ya kitu chochote.

Kisha ukaja ule ugonjwa.

Ninyi mmezaliwa dawa zipo, hamwezi kujua. Mwanzoni haukuwa na jina. Wengine waliuita Juliana, jina la kitambaa cha magendo kilichokuwa kikipendwa wakati ule, na kwa sababu hiyo watu waliogopa hata nguo. Mtu mzima alikuwa anapungua mbele ya macho yako, mwezi hadi mwezi, na hakuna aliyesema neno. Walisema karogwa. Walisema ana malaria sugu. Katika vijiji vingine nyumba ilibaki na bibi na watoto watano, na kibanja kikaota majani kwa kukosa mtu wa kupalilia migomba.

Wale wale waliokuwa wakigawa nguo baada ya vita sasa wakawa wanatembelea wagonjwa. Walitembea kwa miguu milima na mabonde, mvua na jua, wamebeba sabuni, uji, na dawa za vidonda. Ukurasa wetu ukawa na kazi kuliko zamani, maana mtu asiye na koti wala magambuti hakuweza kufika nyumba ya tatu wakati wa masika.

Miongoni mwa waandishi wetu wote, hakuna aliyemfikia Gosbert wa Buganguzi. Alikuwa mkulima wa kahawa, umri wake miaka thelathini na kitu, aliyewahi kufundisha watu wazima kusoma. Sikuwahi kumwona, lakini niliujua mwandiko wake wa kulalia kushoto. Hakuandika salamu hata moja. "Magambuti meusi, namba tisa. Nimetembea nayo nyumba sita kwa siku, siku nne kwa wiki. Kisigino cha kulia kinaisha kabla ya cha kushoto, nadhani ni kosa langu, si la kiwanda." Ukimpata mwandishi kama huyo, mhariri unaweza kupika chai.

Alituandikia kila baada ya miezi mitatu kuhusu vifaa vile vile, kwa kuwa tulitaka kujua vinadumu kiasi gani. Siku moja ikaja barua yake fupi kuliko kawaida. "Magambuti bado ni mazima. Ila yamekua. Zamani yalinibana kidogo, sasa yananipwaya."

Mimi nilicheka. Nilijua mpira haupanuki. Nikaona Gosbert, mtu makini vile, leo kapitiwa, na nikaona niwape wasomaji kitu cha kuwachangamsha. Nikachapa maneno yake, na chini nikaongeza: "Mhariri anaomba mwenye magambuti yanayokua amletee mbegu, naye apande." Jarida likaenda. Watu walilipenda. Kondakta wa basi la Muleba aliyekuwa akitubebea mafurushi alinipigia kelele dirishani, "Ma Jasinta, mbegu zimeota?"

Ta Leopold hakuwapo wiki ile, alikuwa amekwenda kuzika. Siku hizo kila mtu alikuwa anakwenda kuzika. Aliporudi alilisoma jarida amesimama. Akaenda kwenye kabati, akatoa jalada la Gosbert, akapanga barua zake zote mezani kwangu kwa mpangilio wa tarehe.

"Umekuwa ukizisoma moja moja," alisema. "Hebu zisome zote kwa mkupuo."

Nikasoma. Mwaka uliopita: koti la mvua ni jepesi, unaweza kukimbia nalo. Miezi mitatu baadaye: koti linafaa, ila kwenye mlima linalemea. Begi la mgongoni: mikanda imekazwa hadi tundu la tatu. Kisha tundu la mwisho. Kisha: "Begi ni zuri, lakini mikanda yake ilikatwa kwa ajili ya watu wakubwa, nimeongeza fundo." Kisha magambuti.

Sikuweza kuinua uso. Mtu huyu alikuwa ametuandikia mwili wake, kipande kwa kipande, kwa uaminifu ule ule aliouandikia kisigino, na mimi nilikuwa nimemcheka mbele ya wilaya mbili.

"Ulijua?" nilimuuliza Ta Leopold.

"Nilihisi kwenye lile fundo. Nimepima watu miaka thelathini." Akavua miwani. "Nilipaswa kukwambia. Nenda Buganguzi, mwanangu. Barua haitatosha."

Nilipanda basi hadi Muleba, nikapata lifti ya gari la kahawa, na mwendo uliobaki nikatembea. Nilikuta nyumba safi ya bati katikati ya migomba, kahawa imeanikwa uani. Mwanamke alikuwa akiigeuza kwa mikono. Nilijitambulisha. Aliendelea kugeuza kahawa yake.

"Wewe ndiwe wa mbegu," alisema.

"Ndiye mimi, waitu," nikamjibu kwa neno letu la heshima. "Nimekuja kuomba radhi."

Huyo alikuwa Domitila, mke wake. Alinitazama tena, akafuta mikono, akaniingiza ndani.

Gosbert alikuwa ameketi karibu na dirisha, amevaa sweta la robota nililolijua, la kijivu lenye mstari mwekundu. Alikuwa mrefu. Sikutegemea awe mrefu. Alinyanyuka kunisalimia na nilitaka kumwambia akae, lakini nikaona ingekuwa kosa la pili.

"Ma Jasinta," alisema, "nilikuwa nikijiuliza utakuja lini."

"Nimekuja kwa sababu ya ule mzaha."

"Mzaha ulikuwa mzuri. Hata Domitila alicheka."

"Sikucheka," alisema Domitila.

"Ulicheka kidogo."

"Nilikohoa."

Basi tukacheka wote watatu, na mimi machozi yakanitoka pale pale, nikajifanya nayapangusa kwa sababu ya kicheko. Domitila aliniletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, kama anavyofanyiwa mgeni wa heshima, akakaa.

Nilimuuliza kwa nini hakusema wazi. Gosbert alifikiri kwanza, kama mtu anayetaka kuandika.

"Ningemwambia nani? Ninaowatembelea wangeogopa. Wangesema, huyu anayetushika mikono naye anao. Wenzangu tunaotembea pamoja wangeanza kunibebea begi, kisha wangeanza kunikwepa njiani. Nikaona niandike kile ninachokijua. Begi najua. Viatu najua. Nilidhani kuna mtu mmoja mjini anayesoma vizuri, ataelewa, nami sitakuwa nimesema kwa mdomo."

"Na mtu huyo akakucheka."

"Akachelewa tu," alisema. "Umefika."

Niliomba nione magambuti. Domitila alinikaribisha niyashike. Gosbert alipoyavaa, mguu ulikuwa unaogelea ndani yake, na kisigino kilikuwa kimechubuka vibaya, maana gambuti likipwaya huchuna kuliko likibana. Tulikaa uani mchana kutwa, sisi watatu, tukijaribu. Tulijaza matambara, yakalowa na kujikunja. Tulijaribu soksi tatu, mguu ukachemka. Mwishowe Domitila alichukua majani makavu ya mgomba, akayasuka bapa kama mkeka mdogo, akayatandika chini na nyuma ya kisigino. Juu ya kifundo tulifunga utepe wa kitambaa. Gosbert akazunguka ua mara nne, akashuka hadi mwisho wa kibanja na kupanda.

"Hayachuni," alisema, akihema. "Andika."

Nikaandika. Nilipofika kwenye jina nikasimamisha kalamu. Nilikuwa nimeweka kichwa cha habari: Mwili Ukipungua, Vaa Magambuti Hivi. Yeyote atakayesoma jina chini ya maneno hayo atakuwa amejua.

"Niweke jina lako?"

Gosbert alimtazama mkewe. Walikuwa na watoto watatu shuleni, na watu waliokuja kuwasaidia kuchuma kahawa, na kikombe kimoja walichokunywea na majirani Jumapili. Domitila ndiye aliyejibu.

"Weka," alisema. "Wote wanajua. Wanatusalimia kama hawajui. Nimechoka na salamu hizo."

Nilirudi Bukoba na karatasi ile ndani ya blauzi yangu. Ta Leopold aliisoma, akabadilisha koma moja, akanirudishia. Katika toleo hilo nilichapa pia radhi yangu, mistari miwili, bila kupamba.

Nisiwadanganye kwamba mambo yalikuwa mepesi. Nyumba mbili zilimfungia Gosbert mlango. Mwanamume aliyekuwa akitembea naye miaka minne akaomba kuhamishiwa kijiji kingine. Domitila alinitumia ujumbe kwa yule kondakta: "Mwambie Ma Jasinta kahawa tumechuma wenyewe mwaka huu." Usiku sikupata usingizi, nikijilaumu.

Kisha zikaanza barua. Ya kwanza ilitoka Kaagya, haikuwa na jina: "Mkanda wangu nimeutoboa matundu mapya mawili. Je, kuna mkanda wa watu wembamba?" Ya pili ilitoka kwa mama wa Kashozi: "Gauni nililofungia ndoa sasa linanizunguka mara mbili, na nataka kulivaa kanisani siku ya kipaimara cha mwanangu. Nifanyeje?" Nyingine, kwa mwandiko wa mtu asiyezoea kalamu: "Koti langu limekua kama magambuti ya Gosbert." Watu ambao wasingetamka jina la ugonjwa mbele ya mama zao walikuwa wanatuandikia kuhusu mikanda na magauni, na wengi waliweka jina na kitongoji. Tulijua sasa mlango gani wa kubisha. Watembeleaji wetu walifika nyumba ambazo hawakuwahi kuambiwa zina mgonjwa.

Yule mama wa gauni alijibiwa na Ta Leopold mwenyewe. Aliandika namna ya kupunguza gauni ubavuni, hatua kwa hatua, na akasisitiza kwamba kitambaa kisikatwe. Kikunjwe ndani, kishonwe kwa mshono mrefu, ili mwili ukirudi nguo ifunguliwe. Nilipokuwa nachapa nilisimama hapo. Miaka ile tuliona miili michache sana ikirudi.

"Ta," nilisema, "hili la kutokata, tulifute?"

"Mimi ni fundi cherehani," alijibu. "Kama daktari amekata tamaa, aandike yeye."

Nikaliacha lilivyo. Na niwaambie, yule mama alivaa gauni lake siku ya kipaimara. Alisimama mstari wa mbele.

Gosbert aliendelea kutembea miezi saba zaidi, nyumba tatu kwa siku badala ya sita, kisha moja. Milango ile miwili iliyofungwa, mmoja ulifunguka. Wenyewe walikuja kumwita, kwa kuwa mtoto wao alikuwa amekataa kuhudumiwa na mtu mwingine. Na pale aliposhindwa kutembea, wale aliokuwa amewatembelea, wenye nguvu bado, walianza kuja kwake. Walikaa uani wakimsaidia Domitila kuchambua kahawa.

Mwaka huo ofisi ilipata machela mbili za turubai, na moja tuliipeleka Buganguzi. Mtu wa kwanza kubebwa nayo alikuwa Gosbert, kutoka nyumbani hadi barabara ya magari, akapelekwa hospitali, na siku ya tatu akabebwa kurudi. Wiki mbili baadaye akafariki, asubuhi, watoto wakiwa wamekwenda shule.

Nilikwenda kuzika na Ta Leopold. Watu walikuwa wengi kuliko nilivyotarajia, wamesimama hadi ndani ya migomba. Baada ya mazishi Domitila aliniita chumbani, akanipa karatasi ya daftari iliyokunjwa. Mwandiko ulikuwa wake, maneno yalikuwa ya mumewe. Mumewe alikuwa akimtajia, naye akiandika.

"Machela ya turubai, rangi ya buluu. Nimebebwa nayo kwenda na kurudi. Mvua ilinyesha wakati wa kurudi. Maji hujikusanya chini ya kiuno. Turubai litobolewe matundu mawili. Wakati wa kupanda, wabebaji wafupi wawe mbele na warefu nyuma, la sivyo mgonjwa huteleza. Wakati wa kushuka wabadilishane. Wasimzungumzie mgonjwa kana kwamba hayupo, maana anasikia, hasa yanayohusu uzito wake. Wapumzike mara tatu. Vituo viwili vya kwanza viwe vifupi. Cha mwisho kiwe kirefu."

Niliisoma mara mbili, na tabia yangu ya kazi ikanishinda hata siku ile. Kila jambo alikuwa amelieleza sababu yake, isipokuwa la vituo.

"Domitila," nilisema, "nisamehe. Kituo cha mwisho kiwe kirefu kwa nini?"

Alikaa kitandani. Kwa mara ya kwanza siku hiyo uso wake ulilegea.

"Njia nzima nilikuwa nyuma," alisema. "Wanaume wanabeba, wanawake tunafuata na vyombo. Sikuwa namwona, nilikuwa naona migongo ya watu. Pale karibu na nyumbani walichoka, wakamweka chini, wakaenda kuomba maji kwa jirani. Tukabaki wawili. Nikakaa karibu naye. Tukazungumza mpaka waliporudi."

Sikumuuliza walizungumza nini.

Nilichapa makala ile kama ilivyokuwa, nikaongeza maneno machache mwishoni, Domitila akiwa ameyakubali: "Cha mwisho kiwe kirefu, na wabebaji wasogee kando, ili mke au mama apate kukaa na mgonjwa wake." Miaka iliyofuata nilitembea nyuma ya machela nyingi, Buganguzi na kwingineko. Walitoboa yale matundu. Wafupi walitangulia mlimani. Na walipofika kituo cha mwisho waliishusha taratibu, wakaondoka wote kwenda kuomba maji, na hakuna aliyeharakisha kurudi.